Habari ya Sikio Lako la Kushoto

Mwanangu Minza,

Sitakuuliza hali yako, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukila viazi na maziwa mgando huku umeshika simu. U mzima. Mimi ndiye sijielewi. Nimekaa hapa nyuma ya nyumba karibu na zizi, nimeweka gotini daftari lako la zamani la jiografia, lile ulilosema tuwashie moto, na ninaandika kwenye kurasa zilizobaki nyeupe. Wewe na mama yako mmekwenda mjini Kashaulili kununua ndoo na shuka. Mpaka mrudi hapa Mwamkulu jua litakuwa limeshapoa, kwa hiyo nina muda kidogo. Kesho treni inakuchukua.

Utashangaa baba anaandikaje barua kwa mtu anayeishi naye nyumba moja. Nimejaribu kusema kwa mdomo wiki hii mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unaosha vyombo, nikaishia kukuuliza kama mbuzi wamekunywa maji. Mara ya pili nikaishia kukwambia Dar kuna wezi wa simu, ukacheka ukasema, "Baba, hata hapa wapo." Mara ya tatu sikufika hata kwenye wezi. Hayo ya wezi, ya kuficha hela, ya kutokula ovyo njiani, ya vijana wenye maneno matamu, mama yako ameshayasema, na kesho atayarudia stesheni kwa sauti mpaka utamani treni iondoke haraka. Mimi niachie hili moja.

Jumatatu, pale hospitali, nilidanganya.

Unakumbuka tulipeleka ile fomu ya chuo ya kupimwa afya. Yule daktari, binti mwembamba mwenye miwani, alikupima presha, akakupima macho, akafika kwenye masikio. Akaandika kwamba la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linasikia ila limepungua kidogo. Akakuuliza, "Lilianza lini hili?" Wewe ukanigeukia. "Baba, lilianza lini?" Nikasema ni homa, ulikuwa na miaka minne. Daktari akauliza ulitibiwa kwa dawa gani. Nikasema, "Aa, hatukumbuki, siku nyingi."

Nakumbuka, Minza. Nakumbuka mpaka rangi ya kifuniko cha ile chupa. Nilikuchoma mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, dawa ya ng'ombe. Na inawezekana ndiyo iliyokuharibu sikio.

Nimeandika, basi. Nimekaa kidogo nikaangalia ndama, sasa naendelea. Naogopa ukishajua hutarudi likizo. Lakini kuna sababu huwezi kuondoka bila kujua, na sababu hiyo ni sikio la kulia, hilo lililobaki. Nitafika huko. Kwanza nivumilie nikueleze kinachonichanganya, maana nikikupa habari ya sindano peke yake utasema baba alikuwa mjinga na mambo yameisha. Na mimi huo ujinga wenyewe ndio sijauelewa mpaka leo.

Mwezi uliopita ulinikuta nimenuna nilipotoka kwenye mkutano wa kata. Alikuja bwana afya kutuambia tusomeshe watoto. Akasema waliosoma sana wanaugua kidogo na wanaishi miaka mingi, na watoto wao hawafi hovyo. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, aliyesomea udaktari nakubali, anajua dawa. Je, aliyesomea barabara? Watu wakacheka. Akasema, "Hata huyo, mzee." Nikamuuliza kwa njia gani. Akazunguka zunguka, mara kipato, mara uelewa, mara lishe, halafu akasema muda umeisha.

Sasa wewe unakwenda kusomea kupima ardhi. Sawa, nafurahi, utashika vile vyombo vya miguu mitatu na utatuambia mpaka wetu na wa jirani uko wapi. Lakini malaria itajuaje kwamba una digrii? Mbu anasoma vyeti? Niliporudi nyumbani nilimuuliza mama yako, akasema, "Wewe unatafuta ubishi, kula ugali." Nilikula, lakini swali halikushuka na ugali.

Angalia hapa hapa kwetu. Bibi yako hakuwahi kukaa kwenye dawati. Alitoka Usukumani kwa miguu nyuma ya ng'ombe, akala mlenda na michembe ya viazi vikavu maisha yake yote, na mpaka anafariki alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma. Halafu mwangalie baba yako mkubwa. Ana digrii ya ualimu, kabati limejaa vitabu, na mwaka juzi amekatwa vidole viwili vya mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo yupi ni mzima, aliyesoma au asiyesoma? Nikijibu hivi napata jibu, nikigeuza upande wa pili linapotea.

Mimi na baba yako mkubwa tulizaliwa tumbo moja. Unajua Wasukuma tulivyo na ng'ombe. Babu yako alikuwa na watoto wa kiume wawili na ng'ombe wengi, akasema mmoja atasoma na mmoja atachunga. Hakutupima akili. Kaka yangu alikuwa anaogopa fahali, ndiyo hivyo tu, akapewa shule. Mimi nilimaliza la saba kwa kuibia ibia siku, na tulipohamia huku Katavi kutafuta malisho nikawa mtu wa zizi moja kwa moja. Sikusikitika. Nilikuwa namcheka kaka na viatu vyake.

Na sikuwa mjinga, mwanangu, hilo nakuomba ulishike. Kambi nzima ya wafugaji walikuwa wananiita daktari. Watu walileta ng'ombe wao kwangu. Nilikuwa naangalia jicho, nagusa sikio kama lina moto, napapasa tezi za shingo, nasema hii ni ndigana, hii ni mapafu, huyu amekula jani baya, na mara nyingi nilipatia. Nilijua dawa ipi inachomwa kwenye nyama na ipi inachomwa kwenye mshipa. Nilijua kusoma namba za chupa na kugawanya kwa kilo. Nani alikuwa na haja ya shule?

Basi, mwaka ule ulipokuwa na miaka minne mvua ilinyesha mpaka tukachoka. Tulikuwa tunakaa kule ndani porini, kabla hatujahamia hapa Mwamkulu, na kati yetu na zahanati kulikuwa na korongo. Ukashikwa na homa. Siku ya pili shingo ikakaza, ukawa unalia ukiona mwanga wa mlango. Mama yako akasema tukubebe tuvuke. Nikaenda kulitazama korongo. Maji yalikuwa yanafika kifuani na yanakwenda na magogo. Nikarudi, nikafungua sanduku la dawa za mifugo.

Mama yako akaniuliza, "Hiyo si ya ng'ombe?"

Nikamjibu, "Damu ni damu. Ndama wangapi wamepona kwa hii?"

Siku zile nilikuwa nikishasema, nimesema.

Nilichemsha sindano, usije ukadhani sikuchemsha. Halafu nikakuinua mikononi nikakadiria uzito wako, kama ninavyomwinua ndama. Nikapiga hesabu kwa vile chupa ilivyosema, na hesabu ilikuwa sahihi. Halafu nikaongeza. Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Niliongeza kwa sababu nilikupenda. Niliona mtoto wangu hawezi kupewa dawa ya kubana bana, nikakujazia bomba la sindano. Nilikuchoma siku tano mfululizo. Kila ukiniona nashika lile sanduku ulikuwa unajificha nyuma ya mama yako, na mimi nakuvuta mguu nikikwambia, "Baba anakuponya."

Siku ya tano homa ikatoka. Ukaomba uji, ukanywa bakuli mbili. Weee, sikulala kwa furaha! Maji yalipopungua nilikwenda mnadani nikajisifu kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Nikasema kaka yangu ana shule, mimi nina mikono. Watu wakaninunulia soda.

Halafu ukaanza kuyumba. Ukitembea unakwenda upande, unashika ukuta. Tukasema ni udhaifu wa ugonjwa, utaisha, na kweli baada ya miezi ukaisha. Lakini nikawa nakuita huitiki. Nakuita nikiwa upande huu unakuja, nakuita nikiwa upande ule unaendelea kucheza na udongo. Mimi nikaona hiki ni kiburi, mtoto amedekezwa na ugonjwa. Siku moja nilikuita ulete kamba, nikaita mara nne, hukugeuka. Nikakuchapa fimbo tatu za miguu. Uliniangalia hujui umekosa nini. Mama yako ndiye aliyekuja kugundua, alipokuziba sikio la kulia kwa kiganja, akapiga sufuria kwa mwiko upande wako wa kushoto, na wewe hukupepesa hata jicho.

Nisamehe zile fimbo kwanza. Hayo mengine utaamua mwenyewe, lakini zile fimbo naziomba msamaha leo hii, kabla sijaendelea.

Tukakupeleka hospitali. Nesi, mama mtu mzima, akakushika kidevu, akaangalia ndani ya sikio, akatuuliza, "Alipougua mlimpa nini nyumbani?" Mama yako akanitazama. Mimi nikasema, "Panadol."

Kwa nini nilisema Panadol? Nimejiuliza swali hilo miaka kumi na tano. Nilikuwa nimesimama pale na fimbo yangu na shuka begani, ndala zina samadi, na watu kwenye benchi wamesogea kidogo kwa harufu. Nikajua nikisema dawa ya ng'ombe watacheka, watasema hawa wachungaji bwana, labda wataniitia polisi. Nesi akaandika Panadol. Akasema mambo mengi ambayo sikuyaelewa, na mimi kwa kila neno nikawa nasema ndiyo, ndiyo, ahsante. Tulipotoka mama yako akaniuliza, "Amesemaje?" Sikujua amesemaje.

Nikakumbuka kaka. Niliwahi kumsindikiza hospitali mwanawe alipoumwa kifua. Kaka alimwuliza mganga wa pale, hii dawa ni ya nini, inaweza kumdhuru vipi, nisipoona nafuu nirudi lini. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari dukani. Mganga alimjibu yote, hata akamchorea mapafu kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikijiambia kaka anajidai. Baadaye, baada ya Panadol yangu, nikaona labda hapo ndipo shule inapomfaa mtu kwenye afya. Kaka hajui dawa kuliko mimi. Lakini kaka anaweza kuuliza, na akiuliza anajibiwa. Aliyekaa shuleni miaka mingi amezoea kunyoosha mkono mbele ya watu na kusema sijaelewa. Mimi kusema sijaelewa ni sawa na kuvuliwa nguo.

Nikafurahi, nikadhani nimelipata jibu. Nilikaa nalo miaka mingi jibu hilo.

Halafu kaka akaanza kuumwa mguu. Kumbe alikuwa amepimwa sukari miaka mitatu nyuma, na hakumwambia mtu, hata mke wake! Mtu mwenye digrii! Aliona aibu walimu wenzake wasije wakasema amekwisha. Akawa ananunua unga wa mizizi kwa mtu anayetangaza kwa kipaza sauti pale mjini, anaukoroga kwenye chai anakunywa chooni. Nilikwenda kumtazama nyumbani kwake Magamba baada ya kukatwa vidole. Nikamwambia, "Kaka, wewe umesoma." Akasema, "Kusoma nimesoma, mdogo wangu. Kuogopa nako nimeogopa."

Sasa unaona ninavyochanganyikiwa? Aliyesoma alificha, asiyesoma alificha. Yeye kakatwa vidole, mimi nimekukata sikio. Lakini yeye alipojikubali akaanza kufuata masharti, anajipima kila asubuhi, anaandika kwenye daftari, na sukari imetulia. Mimi nilipojua kosa langu sikufanya chochote. Kwa hiyo shule ilimsaidia au haikumsaidia? Nikiwa njiani narudi na ng'ombe nasema ilimsaidia. Nikifika mlangoni nasema aa, ni vile alikuwa na mshahara wa kununulia dawa. Nikilala nasema hata mimi ningekuwa na mshahara, bado ningesema Panadol.

Nilijuaje kosa langu? Ulikuwa kidato cha tatu. Bwana mifugo alikuja kwenye josho kutufundisha, akainua chupa ya dawa ile ile, kifuniko kile kile, akasema kuna wafugaji wanachoma watu kwa hii. Akasema ni hatari, kwamba ikizidi inaweza kuua masikio ya mtu, na mtu anaweza kuyumba akishindwa kutembea sawasawa. Wenzangu wakaguna. Mimi nikashika ukuta wa josho. Nilitaka kuuliza, mwanangu. Mkono ulifika hapa begani ukashuka. Nilirudi nyumbani nikakukuta unafanya hesabu, umegeuza kichwa upande kama unavyofanya siku zote ili sikio zuri liwe mbele, na nikaingia ndani sikula.

Sikumwambia mama yako. Yeye alijua habari ya sindano, hakujua kwamba sindano inaua sikio. Nilimwachia aendelee kusema ni homa. Na shuleni ulikuwa unakaa dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa ili mwalimu awe kulia kwako, na bado ulikuwa wa kwanza au wa pili, na majirani wakaniambia binti kama huyu ana ng'ombe wengi wa mahari wanamsubiri, unampeleka chuo cha nini? Niliwafukuza. Walidhani ni msimamo. Sijui ilikuwa ni msimamo au ni deni la moyo, siwezi kukutenganishia. Labda nilikuwa najitibu mimi.

Sasa nifike kwenye sikio la kulia, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jumatatu tulipotoka hospitali ulikuwa na furaha, fomu imegongwa muhuri, unaimba imba njia nzima. Mimi sikuwa na furaha. Usiku ule niligeuka geuka. Jana nilikwambia nakwenda kuangalia bei za mahindi. Sikwenda kwenye mahindi. Nilirudi kwa yule daktari. Nilikaa kwenye foleni, nilipoingia akasema, "Mzee, mbona umerudi, fomu ina tatizo?" Nikamwambia fomu haina tatizo, mimi ndiye nina tatizo. Nikamwambia yote. Chupa, bomba, kuongeza, siku tano, kuyumba, Panadol. Niliongea nikiangalia sakafu.

Hakucheka, Minza. Wala hakunifokea. Alivuta kiti akakaa karibu, ana umri unaokaribiana na wako yule, akaniuliza maswali polepole. Nikamwuliza moja kwa moja, ni mimi? Akasema, "Baba, inawezekana ni dawa. Inawezekana pia ni ile homa, maana shingo kukaza ni homa mbaya, na yenyewe inaharibu masikio. Leo hii hakuna mtu anayeweza kujua." Nikamwambia, basi na ile dawa, ilimponya au haikumponya? Akasema, "Hilo nalo siwezi kukwambia."

Kwa hiyo nimebaki na hilo. Huenda nilikuponya nikakuharibu kwa sindano moja. Huenda sikukuponya, nikakuharibu tu. Huenda sikukuharibu. Nilidhani nikimwambia mtu aliyesoma nitatoka na jibu, na nimetoka na mafundo zaidi ya niliyoingia nayo. Hata hivyo nilitembea kwa wepesi, sijui kwa nini.

Lakini kuna jambo moja alilosema kwa uhakika, na alinirudishia mara mbili akataka nimtamkie. Akasema zipo dawa za binadamu za ukoo ule ule, zinachomwa hospitali kwa magonjwa makubwa, na ni dawa nzuri. Lakini mtu ambaye masikio yake yameshaguswa lazima aseme kabla hajachomwa, ili daktari atafute nyingine au ampime kwa uangalifu. Asiposema, anaweza kupoteza na lile lililobaki. Akaniandikia jina la ile dawa na za ukoo wake kwenye karatasi, nimeibandika kwa gundi nyuma ya barua hii. Ipige picha. Akasema, "Mwambie kabla hajaondoka. Huko aendako akiugua, wewe hutakuwepo kusema hatukumbuki."

Neno hilo lilinichoma. Nimeona kwamba Panadol yangu haikuishia siku ile. Ungepanda treni nayo. Ungelazwa Dar siku moja, wanakuuliza masikio yako yana nini, na wewe kwa moyo safi unawaambia ni homa ya utotoni, kama baba alivyosema.

Kwa hiyo mahali popote watakapokuuliza, usiwape neno langu la Jumatatu. Waambie, "Baba yangu alinichoma dawa ya ng'ombe nikiwa na miaka minne." Wakicheka, wacha wacheke. Wakisema baba yako ni mshamba, waambie ndiyo, ni mshamba wa Mwamkulu, halafu uwaonyeshe karatasi. Usinifichie aibu. Nimeibeba mwenyewe miaka hii yote na imekutia wewe hatarini.

Nisingependa nikwambie eti soma sana uwe na afya njema, kama bwana afya. Sijui kama ni kweli. Labda utakuta huko chuoni watu wamesoma mpaka wamepinda mgongo na bado wanakunywa mizizi chooni. Ukija kulijua jibu, niandikie, na uandike kwa Kiswahili cha kawaida. Mimi ninachoona kwa sasa ni kwamba yule binti wa miwani amesoma, na kusoma kwake kote hakukumfanya ajue ni nini kilichokupata. Ila aliweza kuniambia sijui, akinitazama usoni, wala hakuona haya. Mimi sijawahi kulisema neno hilo mbele yako tangu uzaliwe.

Mama yako nilimwambia leo alfajiri, wakati nakamua. Maziwa yakajaa yakamwagika. Halafu akasema, "Nitamchukua tukanunue ndoo. Wewe andika." Ndoo tunazo mbili mle ndani, sijui kama umeshangaa.

Nilikuwa nimepanga nikufichie barua hii kwenye begi, kati ya nguo, uikute umeshafika mbali. Hapo ningekuwa nimesema na nimekimbia kwa pamoja. Nimebadilisha mawazo nikiwa ukurasa wa tatu. Nitakupa mkononi mkirudi, kabla hujavua hata viatu. Ukitaka nisije stesheni kesho, mama yako atakusindikiza, nami sitauliza kwa nini. Ukitaka kunipigia kelele, zizi limezoea kelele.

Nasikia pikipiki inapunguza mwendo pale njiani, nadhani ni nyie. Nenda ndani usome mpaka mwisho, usiruke. Mimi nitakuwa kwenye benchi hapa nje. Nimekaa mwisho kabisa upande wa kulia, nimekuachia nafasi kushoto kwangu, ili sikio lako zima liwe upande wangu. Njoo uniulize chochote unachotaka. Ninachokijua nitakujibu, na nisichokijua nitakwambia sijui.

Baba yako, niliyekuchoma